Soli na Pembe Katika Kinu cha Zamani

Mheshimiwa Kamishna wa Elimu wa Mkoa, Bibi Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka yenu mapema siku ya kazi, jambo ambalo katika mji wetu wa Sfax si dogo, ndugu zetu wa klabu ya Gabes mliokuja na tende, wahitimu wetu, Halati Mbarka, ambaye jioni hii anakabidhi funguo, na nyinyi wa benchi la nyuma mnaodhani mlio wa mbegu za alizeti mnazotafuna haufiki huku mbele: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Naomba nianze na maana ya neno. Katika karakana hii ya klabu yetu ya roboti, kinywa ni ile sehemu ya roboti yenye mhimili unaozunguka, ambayo kazi yake ni kukigusa kitu kilicho nje ya roboti na kukifanya kiwe ndani yake, bila roboti kusimama na bila dereva kulenga. Kila neno nililolitaja lina sababu. Nimesema kukigusa, sikusema kukishika, kwa kuwa anayeshika ni mkono, na mkono sharti ujue kitu kiko wapi; kinywa hakijui, wala hakihitaji kujua, mradi kiwe karibu. Nimesema bila kusimama, kwa kuwa katika mashindano yetu mipira hutawanyika sakafuni kama zeituni chini ya mti baada ya upepo, na roboti inayosimama kuokota mmoja huwa imekwisha kuporwa mingine. Na nimesema bila kulenga, kwa kuwa dereva ni kijana ambaye watu wa mji mzima wanamwangalia huku saa inakimbia. Kinywa kizuri, kwa hiyo, ni kile kinachomsamehe dereva wake.

Mniwie radhi, mmekuja kusikia maneno ya kuagana na mnapewa maana za maneno. Wanafunzi wangu hawatashangaa. Lakini ninayo mawili ya kusema kabla mlango huu wa kinu cha zamani haujafungwa na klabu haijahamia ukumbi mpya ng'ambo ya barabara, moja kwa Halati Mbarka na moja kwa mtu aliyeketi ubavuni pake, na yote mawili hayasemeki kwa haki kabla hatujakubaliana kinywa ni nini. Mtu huyo ni Ami Chedly Rekik, fundi viatu wa ndani ya ukuta wa mji wa kale. Mnaona amepakata kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Nilimwomba aje nacho, naye hakuniuliza sababu. Ami Chedly, ahsante kwa kutouliza. Sababu inakuja.

Mwaka huu karakana yetu ilizaa vinywa viwili. Roboti ni moja, na kanuni za uzito haziruhusu ibebe zaidi ya kinywa kimoja.

Cha kwanza kiliundwa na Dorsaf, binti wa Ami Chedly, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho hapa. Tafadhali likumbukeni hilo la mwaka wa mwisho, kwa kuwa kinywa kisichopanda uwanjani mwaka huo hakipandi tena. Aliyekiunda anaondoka, na wanaobaki wana ndoto zao. Dorsaf alichukua mhimili, akauvika magurudumu, na magurudumu hayo akayavika ule mpira laini wa soli, wa rangi ya asali, ambao baba yake huutumia kwa viatu vya watoto wanaoanza kutembea na vya wazee, yaani kwa watu ambao hawatakiwi kuanguka. Ami Chedly ndiye aliyeukata, kwa kisu chake, kwenye meza yake. Kinywa hicho tulikiita Soli.

Cha pili kiliundwa na Iheb Kammoun, ambaye shangazi zake huchuma zeituni kila msimu wakiwa wamevaa pembe za mbuzi vidoleni, wakilichana tawi taratibu kama mtu anayechana nywele za mtoto. Iheb alipigilia kwenye mhimili wake safu za vidole vya plastiki ngumu, vilivyopinda. Kinywa hicho tulikiita Pembe.

Tofauti kati ya viwili hivyo si ya sura tu. Soli hutegemea msuguano: huukumbatia mpira, hubonyea kidogo, na kwa kuwa imegusana nao kwa eneo pana, huuviringisha ndani. Pembe haitegemei msuguano. Hupita juu ya mpira, hufika nyuma yake, na huukokota. Soli huuomba mpira uje, Pembe huuleta. Na kila mwenye akili ataona mara moja kwamba kuna hali ambapo ombi hutosha na hali ambapo halitoshi. Swali letu lilikuwa: uwanjani tutakuta hali ipi?

Tulilijibu kwa kupima. Mota ilikuwa ile ile, betri ile ile, kimo kile kile kutoka sakafuni. Tuliweka mpira peke yake, tukauweka ukiwa umebanwa ukutani, tukauweka katikati ya wenzake. Tulibadilishana zamu ili pasiwe na kinywa kinachopata betri mbichi kila mara. Mipira ilikuwa safi kila asubuhi, sakafu ilikuwa safi kila asubuhi. Mimi nimefundisha umakanika kwa muda mrefu, na nimewaona watu wazima wakilinganisha mitambo ya thamani kubwa kwa uangalifu mdogo kuliko ule wa watoto hawa.

Pembe ilishinda. Haikushinda kwa kubahatisha. Ilishinda mpira ukiwa peke yake, ilishinda ukutani, ilishinda katikati ya wenzake. Soli iliufikia mpira, ikaugusa, ikazunguka juu yake bure kama gurudumu la gari kwenye matope.

Mkitaka kujua namna vijana wa mji huu wanavyofarijiana, nitawapa mfano. Iheb alisimama mbele ya Soli iliyokuwa inazunguka bure, akatikisa kichwa kama daktari, akasema:

"Sasa nimeelewa kwa nini wazee wa mjini wanatembea wameshika ukuta. Wote wanavaa viatu vya Ami Chedly."

Dorsaf hakugeuka. "Na mimi nimeelewa kwa nini mizeituni ya kwenu haina majani. Shangazi zako wamepita."

Tulicheka. Kwa bahati mbaya, mlangoni alikuwa amesimama Ami Chedly mwenyewe. Alikuja na gunia la vipande vya soli za kila aina, laini na ngumu, apate kumsaidia binti yake kuchagua. Alikuwa ameyasikia maneno ya Iheb. Hakukasirika, Ami Chedly si mtu wa kukasirika. Aliingia, akachuchumaa mbele ya kinywa, akaitazama soli yake ikiteleza juu ya mpira. Akasema neno moja tu, na alilisema kwa sauti ya mtu anayejiuliza:

"Soli yangu haijawahi kumwangusha mtu."

Walijaribu soli zote zilizokuwemo guniani. Zote ziliteleza. Alifunga gunia, akamshika binti yake begani, akaondoka. Jioni ile Dorsaf alichukua chaki na kuandika ubaoni, kwa mwandiko wake, kwamba kinywa kitakachopanda uwanjani ni Pembe. Iheb alimwambia, "Ngoja, tujaribu tena kesho." Akamjibu, "Kesho mpira utakuwa na miguu? Umenishinda, nyamaza ushinde." Kisha akaifungua Soli, akaipeleka nyumbani, na baba yake akaiweka chini ya meza yake ya kazi.

Niliiona hasara hiyo mara mbili. Niliiona kwa binti ambaye kazi yake ya mwisho haitapanda uwanjani, na niliiona kwa baba ambaye tangu siku hiyo, nilipopita dukani kwake, alikuwa akikichukua kila kiatu alichomaliza, akakigeuza, na kuisugua soli yake kwa kidole gumba, kwanza kwa mbele, kisha kwa nyuma, kabla hajakiachia. Hakuwa akifanya hivyo zamani.

Mheshimiwa Kamishna, sasa nifike Tunis.

Katika mashindano ya kitaifa, zulia lilikuwa jipya na mipira ilikuwa mipya. Mechi ilipoanza, Pembe iliukaribia mpira wa kwanza, ikaupiga, na mpira ukaruka mbele kwa wapinzani wetu kana kwamba tumewapelekea zawadi. Ukafuata wa pili, ukaruka. Pembe, iliyokuwa ikichana vizuri namna ile hapa nyumbani, ilikuwa inaipiga mipira makofi. Tulipoteza mechi ile, tukapoteza na iliyofuata, na jukwaani kijana mmoja wa mji mkuu akatupigia kelele, "Watu wa Sfax, hiyo roboti inaokota au inafagia?"

Tulirudi kwenye kibanda chetu cha matengenezo. Iheb alikuwa amekaa juu ya sanduku la zana. Nayaeleza mazungumzo yao kama nilivyoyasikia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama nyuma yao nikishika betri.

"Dorsaf, Soli iko wapi?"

"Iko Sfax. Chini ya meza ya baba."

"Kwa nini hukuja nayo?"

"Wewe ulinishinda au hukunishinda?"

"Nilikushinda."

"Basi unaniuliza nini?"

Dorsaf akautazama mpira mmoja wa mashindano aliokuwa ameushika. Aliupapasa kwa vidole. Aliuburuta juu ya zulia, na mpira ukakataa kuburuzwa. Halafu akaketi chini na kuanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Unafanya nini wewe?"

"Nipe kisu."

"Hivyo si ndivyo alivyokushonea baba yako kwa ajili ya safari? Vipya hivyo!"

"Iheb, mechi haitakusubiri umalize kuvisifu. Nipe kisu, na hiyo gundi."

"Ami Chedly ataniua."

"Atakuua wewe, mimi ni binti yake. Kata vipande sawa, usikate kama unakata tikiti."

Waliziondoa soli zile za rangi ya asali, wakazikata vipande vidogo, wakavigandisha kwenye ncha za kila kidole cha Pembe. Mkaguzi wa mashindano alikuja, akanusa gundi, akauliza kinywa hiki ni cha aina gani, na Iheb akamwambia, "Ni pembe zilizovaa viatu." Mkaguzi akapima uzito, akaweka sahihi. Dorsaf aliingia uwanjani akiburuta kandambili za Iheb za kuogea, kubwa kuliko miguu yake, zikilia kila hatua katika ukumbi mzima. Na mipira ikaanza kuingia.

Hatukuleta kikombe. Mechi tulizopoteza mwanzoni zilikwisha kupotea, na tulitolewa kabla ya nusu fainali na timu iliyotuzidi kwa haki. Lakini tangu dakika ile ya gundi hatukumpa tena mpinzani mpira kama zawadi, na kijana yule wa jukwaani alinyamaza.

Tulipokuwa kwenye gari la moshi kurudi, nilimwambia Dorsaf kwamba nitakwenda kumweleza baba yake. Akakataa.

"Usimwambie, Mwalimu. Ukimwambia leo atadhani namfariji. Atasema, binti yangu ameona nina huzuni akakata viatu. Subiri kwanza tujue kwa nini."

Zingatieni ombi hilo. Mtoto anayempenda baba yake anakataa kumpa habari njema kwa kuwa habari hiyo bado haina sababu. Nimefundisha maana ya ushahidi kwa miaka mingi, na sijawahi kuieleza vizuri namna hiyo. Nikakubali. Dorsaf akafika nyumbani na kandambili, na alipoulizwa viatu viko wapi akasema, "Nimevisahau Tunis." Wiki iliyofuata nilipeleka kisigino changu kikatengenezwe. Ami Chedly alikigeuza kiatu changu, akaisugua soli kwa kidole gumba, na akasema bila kuinua macho, "Hata binti yangu ameviacha, Ustadh." Nililipa, nikaaga, nikatoka. Dakika zile zilikuwa ndefu kwangu, na nadhani zilikuwa ndefu zaidi kwake.

Je, sababu ilipatikanaje?

Iheb alirudi na mpira mmoja wa mashindano kama kumbukumbu. Timu nzima iliuandika majina kwa wino. Mitihani ilipokwisha, aliwakusanya wanafunzi wapya hapa, akavua vile viatu vya Pembe, akautumia mpira huo kuwaonyesha jinsi kinywa chake kilivyotuaibisha. Pembe iliupiga, mpira ukaruka hadi kwenye jiwe la kusagia, watoto wakacheka. Siku chache baadaye akataka kuonyesha tena mbele ya wazazi. Pembe ikauchana mpira ule ule taratibu, ikaumeza. Iheb akaurudisha. Ikaumeza tena. Akakagua mota, akabadilisha betri, akageuza nyaya. Ikaendelea kuumeza kama iliyoahidiwa karamu.

Dorsaf ndiye aliyeuokota mpira na kuuliza, "Majina yetu yako wapi?"

Tukageuka sote, na Halati Mbarka alikuwa mlangoni na beseni lake.

Halati, usinyanyuke, nakuona. Utapewa nafasi ya kujitetea, ingawa nadhani hutaihitaji.

Kwa wageni wasiomfahamu, Halati Mbarka, dada wa mama zetu sote katika jengo hili, alikuwa hapa tangu kinu hiki kilipokuwa bado kinasaga. Kinu kilipofungwa na shule ikakichukua, funguo zilibaki kwake. Ameosha sakafu hii, amechemsha chai, amewakatia watoto mkate na kuwapakia harisa, ile pilipili ya kusaga, wakati mama zao wanadhani wamekwisha kula, na amewafukuza kwa ufagio waliotaka kulala hapa kabla ya mashindano. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa hivi:

"Halati, umeuosha mpira huu?" aliuliza Dorsaf.

"Nimeuosha na nitauosha tena. Umechorwachorwa kama ukuta wa stesheni. Na umetoka Tunis! Mkono wa nani haujaushika?"

"Yalikuwa majina yetu, Halati."

"Majina yenu nayajua bila kuyasoma kwenye mpira."

"Na ile mipira yetu mingine?"

"Hiyo naiosha kila jioni. Nyinyi mnashika mipira, kisha mnashika mkate, kisha mnashika midomo. Mnadhani Mungu amewapa matumbo ya chuma?"

"Kwa sabuni gani?"

Halati alimtazama kama mtu aliyeulizwa bahari ina chumvi gani. "Kwa sabuni. Sabuni gani nyingine ipo?"

Waheshimiwa, hapa Sfax sabuni ni moja, na wote mnajua ni ipi: ile ya kijani, inayopikwa kwa mafuta ya zeituni. Bibi zetu wameitumia kuosha nguo, nywele, watoto na marehemu. Iheb alichukua kipande cha karatasi, akausugua mpira, akakiinua kwenye mwanga. Karatasi ilikuwa na doa linalopitisha nuru, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Kila mmoja alikuwa anarudi nyuma kichwani, siku hadi siku, kipimo hadi kipimo, na kila alikofika aliikuta mipira safi, safi kabisa, yenye utando mwembamba wa upendo wa Halati Mbarka. Juu ya utando huo Soli haikuwa na pa kushika, na Pembe iliukokota mpira uliokuwa tayari kuteleza.

Halati si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Aliliweka beseni chini. "Basi ni mimi niliyemwangusha binti wa Chedly?"

Na Dorsaf akamshika mikono yote miwili, ikiwa na maji, akamwambia, "Halati, tangu nijiunge na klabu hii hakuna mtu aliyeumwa tumbo. Gabes waliumwa karibu timu nzima, wakacheza mechi ya mwisho wakiwa wawili." Ndugu zetu wa Gabes wananikunjia nyuso, najua, lakini ndivyo alivyosema, na mimi nimeapa kunukuu kwa usahihi.

Halati akacheka huku anafuta macho kwa kiwiko. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria: "Mngeniambia mnapima, ningewaachia uchafu wenu."

Ndiyo. Tulikuwa tumedhibiti mota, betri, kimo na zamu. Tulikuwa tumeandika kwamba mipira ilikuwa safi, na tukaandika kweli. Ila hatukuuliza usafi ule ulitoka wapi, kwa kuwa katika nyumba ambayo mtu anakujali, usafi hauonekani kuwa umetoka mahali. Unaonekana kuwa hali ya dunia.

Sasa naweza kuyasema yale mawili.

La kwanza ni lako, Halati Mbarka. Hukukosea. Kuosha mipira ya watoto wanaokula mkate kwa mikono ni jambo sahihi, na lingekuwa sahihi hata kama tungekosa mashindano ya miaka yote. Klabu imeamua kwamba katika ukumbi mpya kila kinywa kitapimwa mara mbili: mara moja kwa mipira iliyotoka kiwandani, na mara moja kwa mipira iliyooshwa kwa sabuni ya kijani. Ya pili itaitwa mipira ya Halati, na jina hilo litaandikwa kwenye kikapu chake. Watoto watakaokuja baada ya sisi kusahaulika watauliza Halati ni nani, na itabidi waelezwe. Ukipenda kuja kuiosha mwenyewe, funguo unazozikabidhi leo zina nakala, na nakala yako iko mfukoni mwangu.

La pili ni lako, Ami Chedly. Na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa nitasema kile ninachokijua tu, wala sitaongeza tone.

Viatu vya binti yako havikusahauliwa Tunis. Viko hapa, juu ya meza hii, vimegandishwa tena kwenye ncha za Pembe. Kila kipande cha rangi ya asali unachokiona umekikata wewe kwa kisu chako, na binti yako amekikata tena kwa kisu cha karakana. Alitembea na kandambili za mtu mwingine mbele ya Tunis nzima ili soli yako ipande uwanjani. Alinizuia nisikuambie mpaka sababu ijulikane, na sasa inajulikana. Tulipokuonyesha soli yako ikiteleza juu ya mpira, ilikuwa inateleza juu ya sabuni. Hatukuwahi kuipima soli yako. Hatukuipima siku ile uliyochuchumaa hapo, wala hatukuipima siku nyingine yoyote.

Je, hii ina maana kwamba Soli ni bora kuliko Pembe? Natamani ningeweza kukuambia hivyo, na wewe unastahili kuambiwa. Siwezi. Tunis tulibadilisha ncha za vidole, tukabadilisha na moyo wa dereva, uliokuwa umepata tumaini, kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mawili hajui ni lipi lililofanya kazi. Soli yenyewe, ikiwa kamili, haijawahi kukutana na mpira mkavu. Lakini kati ya kusema soli yako iliteleza na kusema haijapimwa, kuna umbali mkubwa kuliko kutoka hapa hadi Tunis, na huo umbali wote ni wako. Kuanzia leo unaweza kukiachia kiatu bila kukisugua kwa kidole gumba.

Dorsaf anaondoka baada ya wiki chache kwenda kusoma uhandisi. Amenipa ruhusa ya kusema haya yote, ingawa nusu ya ruhusa hiyo aliitoa akiwa ameficha uso kwa mikono, na naona bado ameuficha.

Mheshimiwa Kamishna, Bibi Mkuu, wageni wetu, mmenipa subira zaidi ya niliyostahili, na nyinyi wa benchi la nyuma mmeacha hata kutafuna. Nawashukuru kwa masikio yenu. Sharubati ya lozi iko tayari, na haitapoa kwa kuwa haijapashwa. Kabla hatujainuka, limebaki jambo moja.

Ami Chedly, tafadhali njoo mbele na ulichokipakata. Kifungue. Iheb, funga mhimili wa Soli mahali pake na unganisha mota. Mpira huu umeletwa jana. Uko ndani ya mfuko wake kama ulivyotoka kiwandani, na hakuna aliyeuosha. Halati, nakusihi kwa mapenzi yote, usiuguse.

Watakaouliza baadaye wakumbuke kwamba nilionya. Jaribio moja, mbele ya watu wanaotamani jibu fulani kwa mioyo yao yote, siwezi kuliita kipimo. Tulikwisha kudanganywa mara moja na mapenzi ya nyumba hii yalipokuja na beseni. Leo yamekuja na kujaza viti. Dorsaf, simama upande wa baba yako. Ami Chedly, uweke mpira chini wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Mpira ukiingia, au ukikataa kuingia, tutakuwa tumeipima soli ya Chedly, au tutakuwa tumejipima sisi tunaoutazama?